Makopo Mawili ya Kijani

Kabati lilisimama uani kwangu vipande viwili, kimoja upande huu wa kamba ya nguo na kingine upande ule. Mimi nilikaa katikati juu ya kigoda, nikichambua mchele ambao jana nilikuwa nimeshauchambua. Mikono ilitaka kazi. Wanangu wote wawili walikuwa njiani kuja, na tangu tumzike baba yao sikuwahi kuwaona wakifanya kazi moja.

Nilieleze kwanza kabati lenyewe, maana usipolijua ugomvi wao utakupita. Lilikuwa la marehemu mume wangu, naye alilipata kwa mama yake. Mbao ngumu, nyekundu ya kuelekea weusi, na urefu wake hata nikinyoosha mkono silifikii juu. Sehemu ya chini ina milango miwili na droo mbili. Sehemu ya juu ina milango ya vioo, rafu za vikombe, na ukingo uliochongwa majani. Sehemu hizo hazikupigiliwa misumari. Ya juu ilikuwa na vigingi vinne chini yake, vinene kama dole gumba, na ya chini ina matundu manne. Unainua, unalenga, unashusha, linakaa. Mume wangu alipenda kusema kwamba fundi aliyelitengeneza alijua watu huhama.

Basi alijua watahama, hakujua watagombana. Siku ya kugawana vitu vya marehemu, kila mmoja alisema kabati ni lake. Mkubwa, ambaye tangu utoto tunamwita Jenerali kwa kupenda kuamrisha wenzake, alisema yeye ndiye kifungua mimba. Mdogo wake, Sindano, mwembamba wa mwili na mkali wa ulimi, alisema yeye ndiye aliyemuuguza baba. Sauti zikapanda. Wajomba waliokuja kusuluhisha walikuwa na njaa, na mmoja wao akasema, "Si lina juu na chini? Kila mtu abebe chake tukale." Ikawa ndiyo hukumu. Jenerali akabeba juu, Sindano akabeba chini, na toka hapo hawakusemeshana.

Kuonana walionana. Walikutana kwangu, kwenye misiba, kwenye harusi. Ila walizungumza kupitia kwangu. "Mama, mwambie mwanao gari lake limeziba njia." Na huyo mwanao amesimama hapo hapo, unaweza kumgusa. Naye anajibu, "Mama, mwambie azunguke, njia si ya mama yake." Na mama yake ndiye mimi!

Watu walicheka. Hata mimi mwanzoni nilicheka. Halafu kifua kikanishika, nikalazwa, na pale kitandani wazo likaniingia likakataa kutoka: nikifa mimi, hawa watazungumza kupitia kwa nani? Siku ya kunibeba, nani atamwambia nani ashike upande gani? Nilipona kifua, lile wazo sikupona.

Mjukuu wangu ndiye aliyelianzisha hili la rangi. Ni binti wa Jenerali, mjukuu wangu wa kwanza, na mimi na yeye tunaitana mke mwenza kwa utani, maana babu yake hakumwita jina jingine ila "mke wangu mdogo." Ameolewa, na mumewe amehamishiwa kazi mji wa mbali. Alikuja akaniambia, "Mke mwenza, nataka kabati la babu. Ila nusu siitaki. Nikienda na nusu, nimeubeba ugomvi wao mpaka kwangu. Ama niende nalo zima, ama libaki."

Nikamwambia, "Wewe unataka kushona nguo iliyochanwa na fahali wawili."

"Bibi, uzi ninao."

Akawaendea. Hakuna aliyeweza kumkatalia. Jenerali ni baba yake mzazi. Sindano naye ana tanuri la mikate, na mtoto huyu alikulia pale, akila mikate iliyoungua na kujifunza hesabu kwa kuhesabu sinia. Wakakubali, ila kila mmoja kwa sharti lake, na sharti lilikuwa moja: nusu yangu nitaipaka mwenyewe, kwa rangi niliyoinunua mwenyewe. "Sitaki kesho nisikie nimepakiwa rangi ya mtu," alisema Jenerali. Sindano alisema hivyo hivyo, akaongeza na tusi dogo.

Bila rangi lisingewezekana. Nusu ya juu ilikaa kwa Jenerali karibu na dirisha, jua likaifyonza mpaka ikawa rangi ya chai ya mgonjwa. Nusu ya chini ilikaa tanurini kwa Sindano, moshi na mafuta vikaipiga mpaka ikawa nyeusi, na unga umeingia kwenye kila mshono. Ungeziweka pamoja, ungesema kichwa cha mtu huyu kimewekwa juu ya mabega ya mtu yule.

Jana yake waliziteremsha kwangu, mmoja asubuhi, mwingine alasiri, hawakukutana. Mimi na mjukuu tukapiga msasa mpaka vumbi likatuweka mvi sote. Tukafuta kwa kitambaa cha maji ya sabuni, likakauka, naye akapaka ile rangi nyeupe ya kwanza, ya kushikia. Ana mkono mzuri. Brashi hairudi nyuma.

Lakini tulipoilaza nusu ya juu chali, tukaona. Vigingi vilikuwa vimekatwa. Vyote vinne, kwa msumeno, sawa na ubao. Jenerali aliiweka sakafuni, ikawa inayumba juu ya vigingi, akavikata ili itulie. Na nusu ya chini, tulipofagia unga, tukakuta juu yake pamepigiliwa bati, misumari mingi kuzunguka ukingo. Sindano alitaka mahali pa kukandia unga. Matundu yako chini ya bati, kama bado yapo.

"Usiseme kitu," mjukuu aliniambia.

"Wataona."

"Wataona wakati wa kuunganisha. Saa hiyo mikono itakuwa imejaa rangi. Mtu mwenye rangi mikononi hapigani."

"Huwajui baba zako."

"Bibi, lori langu linakuja kesho alasiri. Sina siku nyingine."

Basi ndiyo sababu nilikuwa nachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Sindano alifika kwanza, na gari lake la mikate, na kopo la rangi amelikumbatia. Akanishika mkono. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekula?"

"Mimi ni mwokaji, nitakosaje kula." Akaangalia upande wa pili wa kamba ya nguo. "Bado hajaja?"

"Nani?"

"Mama, usianze."

Jenerali akaja kwa miguu kutoka kituo cha mabasi, bado na shati lake la udereva, maana anaendesha mabasi ya safari ndefu. Na yeye ana kopo. Shikamoo, marahaba. Akampita mdogo wake kama mtu anavyopita nguzo ya umeme, akaenda kwenye nusu yake, akapitisha kiganja juu ya ile rangi nyeupe. "Kazi nzuri, mwanangu," akamwambia binti yake. "Nusu hii imetunzwa, ndiyo maana."

"Mama," Sindano akasema, "mwambie mwanao kutunza si kuweka dirishani. Hata nyanya zikiwekwa dirishani hukauka."

"Mama, mwambie yake inanuka siagi."

"Nendeni mkapake!" mjukuu akasema. "Jua ndilo hili. Baba, huku. Baba mdogo, kule. Anzeni na milango."

Wakainama. Kwa muda sikusikia kitu ila vifuniko vikibanduliwa kwa bisibisi na brashi zikigusa mbao. Nilianza kuvuta pumzi. Jirani yangu, ambaye masikio yake yamelala juu ya ukuta wangu siku zote, akanyanyua kichwa. "Leo kuna nini, wote wawili na hakuna msiba?"

"Kuna kazi," nikamwambia. "Na wewe nenda kwenye yako."

Kichwa kikashuka, ila si sana.

Kilichoharibu ni upepo. Ulipiga gazeti tulilotandika, Sindano akainuka kulifuata, likaenda likanasa chini ya nusu ya juu, tuliyoiinua juu ya matofali, upande wa kaka yake. Akainama kulivuta. Akachelewa kuinuka. Nilijua anaangalia nini hata kabla hajasema.

"Mama." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Mama, muulize mwanao vigingi viko wapi."

Jenerali hakugeuka. Brashi yake iliendelea, ila ilikuwa inarudi mahali pale pale.

"Muulize alimkata nani miguu. Kabati la baba! Alichukua msumeno akakata kabati la baba!"

"Mama, mwambie kabati la baba lilikuwa linayumba. Halina chini. Chini alikuwa nayo nani?"

"Angelitegemeza na tofali! Angelifunga ukutani! Mtu anakata?"

"Mwambie basi aondoe hicho kibati tuone kuna nini chini yake. Misumari hiyo aliipigilia nani, panya? Nimeiona tangu naingia getini, nimenyamaza kwa heshima ya mtoto."

Sindano akaweka brashi chini. Aliifuta kwanza mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu baba yake pia alikuwa akifuta mikono kabla ya kuondoka mahali asirudi. Akaenda kwenye nusu ya chini, akaikumbatia, akaanza kuiburuta kuelekea gari la mikate. Ile rangi mbichi ya mlangoni ikampaka kifuani.

"Baba mdogo," mjukuu akasema.

"Nitakununulia kabati jipya, mama. Zuri. La dukani."

"Silitaki la dukani."

"Hili limekufa. Limekatwa miguu."

Mjukuu hakubishana. Alitembea akampita, akageuka, akakaa juu ya lile bati, miguu inaning'inia. "Basi nipakie na mimi," akasema.

"Shuka."

"Nipakie. Si umeshazoea, ulikuwa ukinipakia na mikate. Nipeleke tanurini, unikande."

Kule ukutani jirani alicheka peke yake, akajiziba mdomo. Sindano alisimama amelishika kabati, na mtoto yuko juu yake, mtu mzima mwenye mume, na hawezi kuliinua wala hawezi kuliacha. Mwisho akaliacha. Akaenda garini, mimi nikadhani anaondoka. Akarudi na koleo na nyundo. Bila kumtazama mtu akaanza kung'oa misumari ya bati, mmoja mmoja, na kila mmoja ulilia ukitoka.

Matundu yalikuwepo. Yamejaa unga ulioganda kama saruji, lakini yapo. Alianza kuyachokonoa kwa bisibisi.

"Mama, mwambie mwanao vigingi vinachongwa," alisema huku ameinama. "Mwenye kuvikata ajue pa kupata mti."

"Mama, mwambie nimesikia," Jenerali akasema.

Nikawaambia wote. Nilikuwa nimechoka, na asubuhi haijaisha.

Wakarudi kwenye milango. Hapo sasa nikaona kitu nikadhani ni macho yangu. Nikafumba, nikafumbua. Nikamwita mjukuu kwa kidole, nikamwonyesha mlango wa juu, nikamwonyesha na wa chini.

Wote walinunua kijani. Alikuwa amewaandikia maneno yale yale, kijani hafifu. Lakini kila mmoja alikwenda duka lake, na kila duka lina uhafifu wake. Nusu ya Jenerali ilikuwa kijani cha tango lililomenywa. Nusu ya Sindano ilikuwa kijani cha mlango wa zahanati, kile ambacho ukikiona mkono unakumbuka sindano. Ukiwa karibu, macho yako yako kwenye brashi yako, huoni. Ukikaa katikati kama mimi, unaona.

Mjukuu alirudi nyuma hatua, akaweka mkono mdomoni. Wao nao wakainuka, wakatazama, kwanza kila mtu kazi yake, halafu ya mwenzake.

"Mama, mwambie mwanao arudishe kopo lake dukani," Jenerali akasema.

"Kopo limefunguliwa, anafikiri ni soda? Arudishe yeye. Yake imepauka kama yeye."

"Yangu ndiyo hafifu. Mtoto alisema hafifu."

"Yangu ndiyo kijani. Mtoto alisema kijani."

"Yote mawili nilisema mimi," mjukuu akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipasuka. "Mngekwenda duka moja! Mngepigiana simu tu, mkaulizana, unanunua ipi? Neno moja!"

 Akapiga magoti, akachovya kitambaa kwenye kopo la baba yake, akakifikicha kwa vidole, akanusa, akafanya vile vile kwenye la baba mdogo wake. Akaniambia mimi, si wao, "Zote ni za mafuta. Ingekuwa moja ya maji zisingekubaliana, zingekatika kama maziwa. Hizi zinakubali." Akaingia ndani akatoka na beseni langu la kufulia, akaliweka chini ya kamba ya nguo, katikati. "Mimineni humu. Zote. Tunakoroga, tunapaka upya juu mpaka chini. Ndiyo njia iliyobaki."

Beseni likakaa pale tupu, jeupe. Hakuna aliyesogea.

Sasa mtu atasema, kumimina rangi ni kazi gani? Lakini fikiri. Ukishamimina, hakuna tena yangu wala yake. Hutaweza kuichota ukasema tone hili ni langu. Na anayetangulia kumimina amekubali, na mwenzake bado ana kopo mkononi, anaweza kugeuka akaenda zake, akamwacha na beseni. Nililiona hilo, na nilijua na wao wameliona.

Wakaja lakini. Kila mmoja upande wake wa beseni, kopo mkononi. Karibu kuliko nilivyowaona miaka yote hiyo.

"Mama," Jenerali akasema, "mwambie mwanao atangulie."

Nilichukua punje ya mchele nikaitazama. Nikaitupa.

"Mama?"

"Simwambii," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia.  Wangeweza kuondoka. Sindano gari lake lilikuwa limeelekea getini.

"Leo simu imezima," nikasema. "Nimechoka kuwa waya. Huyo hapo, hatua moja, na masikio niliyomzaa nayo ni mawili. Mwenye neno na aseme mwenyewe, asiye nalo achukue kopo lake aende."

"Bibi," mjukuu akanong'ona. Alikuwa amenishika bega.

 Rangi kwenye brashi ya Jenerali ilidondoka kwenye kiatu chake, hakuifuta. Sindano alikuwa akitazama beseni. Mwisho akasema, kama anaongea na beseni, "Mkubwa ndiye hutangulia. Si ndivyo alivyosema mtu siku ya kugawana?"

"Kutangulia!" Jenerali akafoka, na uso wake ukageuka mzima mzima kumwelekea mdogo wake. "Unaniambia mimi kutangulia? Nilitanguliaje kwa baba? Nilikesha njiani na basi la watu, nimefika nakuta udongo! Udongo umeshalowa maji ya maua! Kwa nini hukunisubiri?"

Alisema *hukunisubiri*. Hakusema mwambie. Sidhani kama mwenyewe alijua.

Sindano aliinua uso kutoka kwenye beseni. 

"Siku nzima barabarani nilikuwa najiambia, mdogo wangu yupo, hatawaruhusu," Jenerali akaendelea, sauti sasa imeshuka na inakwaruza. "Nilikuwa na uhakika. Ndiyo maana sikukimbiza basi."

"Nilikusubiri," Sindano akasema.

"Muongo."

"Nilikaa mlangoni pa gari lililombeba. Nikawaambia hatoki mtu hapa mpaka kaka aje. Wajomba wakaniambia maiti haisubiri dereva. Nikashika mlango. Wakanivuta, shati likabaki mkononi mwao. Ulipofika ulinikuta na koti la mtu, hukujiuliza kwa nini nimevaa koti juani?"

"Hukuniambia."

"Uliniuliza? Ulipoingia tu getini uliniita mchimba kaburi. Mbele ya watu wote. Mchimba kaburi! Ningekuambia nini baada ya hapo?"

Mimi siku ile nilikuwa ndani na wanawake, mlango umefungwa. Hilo la mlango wa gari nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza, na mchele ukanimwagika wote.

Jenerali alisimama. Alimtazama mdogo wake shati lake lenye rangi kifuani, muda mrefu, mpaka nikadhani atampiga. Misuli ya mkono ilikuwa imekaza. Halafu ule mkono ukainuka na kopo, na ukalipindua. Rangi ikaanguka ndani ya beseni, nzito, polepole, ikajikunja kama kitambaa. Akasubiri mpaka tone la mwisho. Akabaki ameshika kopo tupu, na hakumtazama mtu.

Hapo ndipo palipokuwa pabaya. Sindano alikuwa na kopo lake zima mkononi. Angeweza kugeuka. Angemlipiza yote kwa hatua chache mpaka garini, na naapa niliona mguu wake mmoja ukifikiria.

"Sijakusamehe kwa lile neno," akasema.

"Sikusema unisamehe. Mimina."

"Usiniamrishe."

"Basi usimimine!"

"Namimina kwa sababu ya mtoto," Sindano akasema, akamimina.

Mjukuu akashika fimbo akakoroga. Kijani cha tango na cha zahanati vilizungukana kwanza kama nyoka wawili, kila mmoja na mstari wake, kisha mistari ikalegea, ikapotea. Ilitoka rangi ambayo hakuna duka lingeiuza. Si hii si ile. Kama jani la mharagwe ukiligeuza upande wa chini.

"Mbaya," Jenerali akasema.

"Mbaya sana," Sindano akakubali.

"Nzuri," mjukuu akasema, akifuta macho kwa kiwiko. "Chukueni brashi."

Walipaka kutoka beseni moja, na kwa kuwa beseni ni moja iliwabidi wainame pamoja, viwiko vikagongana. Hawakuzungumza kwa upole. Unadondosha. Nadondosha wapi? Hapo, kwenye jani. Jani lipi? Wewe umepofuka? Mwanzoni nilikuwa nikishtuka kila neno, nikasubiri kuitwa. Baadaye nikainuka nikaenda kuokota mchele.

Lori lilikuja na vitu vya mjukuu vimefungwa kamba. Dereva wa lori akaligusa kabati kwa ncha ya kidole, akakiinua kidole kijani. "Hili halipandi leo," akasema. "Litapaka mpaka magodoro. Rangi ya mafuta hii, inataka ilale."

Nilimtazama mke mwenzangu. Ameshapaka kuta za nyumba nzima mtoto huyu, na milango, na madirisha; rangi ya mafuta anaijua. Uso wake ulikuwa mtupu kama sahani iliyooshwa.

"Basi mtaniletea," akawaambia baba zake. "Likikauka. Gari la mikate linatosha, likilazwa."

"Nani ataleta?" wakauliza pamoja.

"Mtu mmoja haliinui," akasema. Akanikumbatia, akanibusu paji la uso, akapanda lori, akaenda. Nililia kidogo, kama inavyopasa.

Niliporudi uani walikuwa wamechuchumaa kwenye nusu ya chini. Jenerali alikuwa ametia dole gumba ndani ya tundu, anapima.

"Vigingi vitoke mti gani?" akauliza.

"Mgumu. Na safari hii mtu asishike msumeno."

"Na gari nitaendesha mimi."

"Gari langu haliendeshwi na mtu."

"Unaendesha kama unakanda unga. Njia ile ina milima, utalivunja."

"Wewe utakaa nyuma, ushike kabati."

"Mimi? Dereva wa mabasi, nikae nyuma na kabati?"

"Si wewe uliyekata vigingi? Basi wewe ndiye vigingi."

Jenerali akafungua mdomo ajibu, akaona kitu, akaufunga, akanyoosha kidole. Inzi alikuwa amenasa kwenye rangi mbichi, kwenye nusu ya juu, karibu na ukingo wa majani, anapigapiga ubawa. Sindano akakifuata kwa macho kidole cha kaka yake. Akachukua ncha ya kisu, akanyanyuka, akamtoa yule inzi taratibu bila kukwaruza mbao. Lilibaki doa dogo. Jenerali akachovya brashi kwenye beseni, akamsukuma mdogo wake kwa bega asogee, akapitisha juu yake mara moja.

"Hapo bado," Sindano akasema.

Akapitisha tena.